Moyo wa Satini Kwenye Bawa la Kushoto

Jumatatu, 4 Agosti

Mke wa mtu! Wiki ya tatu sasa, na bado nikiamka nageuka kuhakikisha. Yupo. Anakoroma kwa adabu. Jamani, hata kukoroma kwake kuna mpangilio, kama cherehani iliyotiwa mafuta.

Na kazini niko naye! Nani mwingine ana bahati hii? Karakana yetu ni ghala kuukuu la nafaka, nje ya mji, penye uwanda mtupu. Tuko watano. Tunatafuta umeme angani. Si kwa minara yenye mapanga makubwa, la. Kwa tiara, kishada kama cha watoto. Tiara pana kuliko nyumba tunayopanga. Ikipanda inavuta kamba, kamba inazungusha winchi, winchi inazungusha jenereta. Kamba ikikaribia kwisha tiara inalegezwa, inarudishwa kwa nguvu kidogo, inapanda tena. Kupanda kunazaa umeme, kurudi kunakula kidogo, kinachobaki ndicho chetu. Mimi nashona tiara. Mume wangu anashika winchi. Mimi bawa, yeye kamba! Nani atasema hatukuandikiwa?

Lakini mambo mawili yananinyima raha.

La kwanza. Jumamosi wanakuja wageni wa shirika la umeme. Taa zilizotundikwa uani lazima ziwake kwa tiara peke yake, kuanzia saa sita mchana hadi alasiri, bila kuzimika. Zikizimika, Mhandisi amesema bila kupepesa macho, karakana inafungwa na kila mtu ashike njia yake. Na njia ya mume wangu ni bahari! Kabla hajanioa alikuwa fundi wa winchi melini. Jana nahodha wake wa zamani alimpigia simu. Nafasi bado ipo, alisema. Miezi tisa majini. Miezi tisa! Katika muda huo watu huzaliwa!

La pili. Wifi.

Ni dada wa mume wangu, amemtangulia kuzaliwa. Anaishi nasi, ukuta mmoja tu katikati, na kikohozi chake nakijua kama mlio wa simu yangu. Kazini ndiye msoma upepo. Anakaa mbali uwandani chini ya mlingoti wenye vikombe vinavyozunguka, na kutwa nzima anasema redioni: unakuja mkali, legeza; unapungua, kaza. Mume wangu anatii kila neno. Mimi nikimwambia avae fulana ya ndani, hanisikii. Wifi akisema legeza, amelegeza kabla neno halijaisha! Kwa hiyo sauti inayokaa sikioni mwa mume wangu mchana kutwa ni ya wifi. Yangu inapewa masikio yaliyochoka.

Sawa. Sikio amelichukua yeye. Nitachukua jicho.

Nimekata kipande cha utepe mpana wa kiunoni wa gauni langu la harusi. Satini nyekundu, inayong'aa hata gizani. Nimeshona moyo! Ukubwa wa sinia. Nimeufanya kama mfuko, mdomo wazi, na ndani nimetia petali kavu za waridi la siku ile. Nimeushona chini ya bawa la kushoto, pembezoni, kwa sababu moyo wa mtu uko kushoto. Tiara imejaa viraka, hakuna atakayejali. Kesho mume wangu akiinua macho kuangalia kazi, ataona mapenzi.

Nimelala? Siwezi kulala. Nimejawa.


Jumanne, 5 Agosti

Aliuona! Tiara ilipaa, akainua uso, akatabasamu meno yote nje. Nikashika nguzo nisianguke.

Halafu tiara ikainama kushoto. Kidogo. Ikazidi. Wifi akapiga kelele redioni alegeze. Akalegeza. Ikazidi! Ikageuka kama mtu aliyeitwa jina nyuma, ikashuka kichwa mbele, ikaingia vichakani kwa kishindo. Taa puu. Kimya.

Tuliichomoa miibani kwa mikono, wote watano. Mpasuko mrefu upande wa kulia. Moyo wangu mzima! Hata uzi haujalegea. Nikajisifu kimoyomoyo.

Mhandisi akatuita mezani. Meza yetu ni gurudumu la mbao lililowahi kubeba nyaya. Mhandisi ni mwanamke wa makamo, sauti ndogo, na ana sheria yake moja: kila siku kabla ya chai, kila mtu atoe wazo moja la kipumbavu. Moja, na liwe la kipumbavu kweli. Hakuna kucheka mpaka wote wamalize. Halafu anachagua moja na wote tunalifanyia kazi, hata aliyelipinga. Anasema mawazo ya akili tayari yamejaribiwa na wenye fedha kuliko sisi, na upumbavu ndio mtaji tuliobaki nao.

Leo Fundo akaanza. Huyu ndiye mtu wa kamba, mfupi, mwepesi wa hasira, anafunga fundo ambalo meno ya fisi hayafungui. Akaapa kwa marehemu bibi yake kwamba kamba zake hazina kosa. Mhandisi akamwambia hayo si ya kipumbavu, ni ya kujitetea. Akanung'unika, akasema basi tufunge mfuko wa mchanga bawa la kulia. Wifi akasema labda huko juu upepo una kona ambayo vikombe vyake havioni. Mume wangu akasema turushe tiara kinyumenyume. (Nampenda!)

Zamu yangu. Nikaona mlango. Nikasema labda kosa haliko kwenye tiara, liko kwenye sauti. Labda msoma upepo abadilishwe. Awe mtu mwenye sauti laini. Awe, kwa mfano, mshonaji.

Wote wakamgeukia wifi.

Wifi akasema, "Wifi yangu, upepo haubembelezwi."

Wote wakaangua kicheko kabla ya wakati! Hata Mhandisi, mwenye sheria! Mfuko wa mchanga ukachaguliwa.

Jioni nikamuuliza mume wangu kwa nini alitabasamu alipoangalia juu. Akasema jua lilimpiga machoni.

Anaona haya. Wanaume ndivyo walivyo.


Jumatano, 6 Agosti

Mchanga umeshindwa. Tiara ilisimama wima, ndiyo, lakini nzito kama mgeni aliyeshiba. Ilining'inia tu. Taa zikawa nyekundu, macho ya mtu aliyekesha, zikafa. Mhandisi akazunguka ua akiwa amefunga mikono nyuma. Fundo akasema walau haikuanguka. Mhandisi akamjibu kwamba jiwe nalo halianguki likiwa chini.

Nahodha amepiga tena! Wakati wa chai! Niliona jina kwenye simu. Mume wangu akatoka nje kuzungumza, na aliporudi alikuwa anatazama kikombe chake kama kina ramani ndani. Nikamuuliza nahodha amesema nini. Akasema meli inaondoka Jumatatu. Nikamuuliza yeye amesema nini. Akasema amemwambia asubiri hadi Jumamosi jioni.

Chai ilinipalia.

Mkono wangu ukaanza kufikiri wenyewe. Tatizo la tiara hii ni wifi. Lazima iwe wifi. Anamwambia legeza wakati wa kukaza. Mhandisi akiona kwa macho yake kwamba wifi hawezi kusoma upepo, atatafuta mwingine, na tiara itapona, na mume wangu hatapanda meli. Nimeona wazi kama maji ya glasi.

Nimefua. Hilo tu. Si hujuma, ni kufua! Mashati ya mume wangu yalikuwa machafu, na waya zinazoshikilia ule mlingoti wa wifi ni ndefu na safi, na hapo pana jua zuri. Nikayaanika wakati wifi amekwenda kunywa maji. Shati la bluu nililitundika juu kidogo, karibu na vikombe. Mkono wa shati ukajishika kikombeni. Peke yake! Vikombe vikasimama.

Wifi akarudi. Akatazama chombo chake: upepo hakuna. Akatazama vumbi linavyokimbia na kofia ya Fundo inavyolifuata. Nikasubiri aseme redioni kwamba upepo hakuna. Nikasubiri!

Akainama, akang'oa nyasi kiganja kimoja, akazirusha juu. Akazitazama. Akasema redioni: unatoka magharibi, mkali wa kati, utapungua baada ya pumzi chache. Ukapungua! Akarusha tena. Akasema tena. Akapatia tena! Mhandisi akatoka mpaka mlangoni kumwangalia. Fundo akapiga makofi. Mume wangu, wangu mimi, akasema kwa sauti, "Dada yangu huyo!"

Kuhusu mashati, yalirudi yote isipokuwa la bluu. La bluu lilikuwa la kuvaa Jumamosi. Mara ya mwisho lilionekana likipita juu ya barabara, mikono wazi, kama mtu anayekimbilia kukumbatiwa.

Wifi alinirudishia vibanio vya nguo, vimehesabiwa, ndani ya kikombe.


Alhamisi, 7 Agosti

Mwandiko wangu leo ni mbovu, nisamehewe.

Asubuhi Mhandisi akaamuru tiara ikaguliwe mshono kwa mshono. Akanipa msaidizi. Nani? Wifi! Tukaitandaza sakafuni, tukapiga magoti, mimi kulia, yeye kushoto. Nikasema mimi nichukue kushoto. Akasema yeye tayari yupo kushoto. Nikasema magoti yangu yanapenda kushoto. Akanitazama.

Nikaona mkono wake unateleza juu ya kitambaa. Unateleza. Unasimama.

Jamani! Siku ya harusi, nani alinifunga ule utepe kiunoni? Wifi! Kwa mikono hiyohiyo! Alikaza mpaka nikakosa pumzi, akasema ndoa ni kuvumilia. Angeusahau?

Akaingiza vidole viwili ndani ya moyo. Akatoa petali. Akainusa. Akauinua ukingo wa bawa, akapuliza kwenye mdomo wa mfuko, puu, na ule moyo ukajaa hewa, ukavimba kama shavu la mtu anayepiga baragumu. Akaupulizia tena. Ukavimba tena. Akanitazama, akatazama moyo, akatazama vichaka tulikoiokota tiara.

Hapo ndipo na mimi nilipoelewa. Oo, mama yangu. Mfuko wenye mdomo wazi! Unameza upepo, unakuwa breki, bawa la kushoto linachelewa, la kulia linatangulia, tiara inageuka kushoto. Si wifi. Si kamba za Fundo. Ni moyo wangu! Mapenzi yangu ndiyo yaliyoitia miibani, mapenzi yangu ndiyo yanayompeleka mume wangu baharini!

Wifi akarudisha petali ndani. Moja moja. Akasimama, akapangusa magoti, akaenda mezani. Nilimfuata kama kuku aliyefungwa mguu. Nikafikiri: leo ndiyo leo. Atasema mbele ya wote. Mume wangu atajua ameoa mwanamke wa kuangusha tiara.

Wazo la kipumbavu. Fundo akatoa lake, sikulisikia. Mume wangu akatoa lake, sikulisikia, Mungu anisamehe. Mimi nikasema sina wazo, ambalo ni kosa kubwa hapa kuliko kuvunja vyombo.

Wifi akakohoa.

Akasema: tushone mfuko mwekundu chini ya bawa la kulia, ufanane na ule wa kushoto. Kila mfuko uwe na uzi wa kuufunga na kuufungua mdomo. Ukifunguka wa kushoto, tiara igeuke kushoto. Ukifunguka wa kulia, igeuke kulia. Ichore namba nane angani.

Mhandisi akainuka taratibu, akaweka mikono yote miwili juu ya meza. Kumbe huo ndio ugonjwa wetu wa miezi yote! Tiara yetu ilikuwa mvivu kugeuka. Tiara inayoning'inia inavuta kama mtoto anayevuta gauni la mama yake. Tiara inayokata upepo huku na huku inavuta kama fahali. Wote walikuwa wanajua, hakuna aliyejua namna ya kuigeuza upesi bila kuiongezea uzito.

Halafu Mhandisi akauliza, kwa ile sauti yake ndogo, huo mfuko wa kushoto unaosemwa uko wapi na nani aliuagiza.

Damu ikanishuka hadi kwenye kandambili. Wifi akasema upo, umeshashonwa, mshonaji alikuwa kwenye majaribio.

Wote wakanigeukia. Wakaenda kuutazama. Mume wangu akachutama, akaugusa, akasema, "Kumbe ni moyo? Nilidhani kiraka cha haraka haraka."

Kiraka. Cha haraka haraka.

Nimemsamehe. Lakini wifi! Wazo lilikuwa langu, moyo ulikuwa wangu, utepe wangu, petali zangu, na yeye ndiye anayenyanyuka mezani akipigwa mabega! Ameniibia mchana kweupe, tena huku akinifunika ili nisiweze hata kulia. Ujanja huo!

Tulifanya kazi mpaka jua likalala. Hili lazima niliandike, hata kwa kinyongo. Mimi nilishona mfuko wa kulia kwa utepe uliobaki. Fundo akasuka nyuzi nyembamba mithili ya nywele, akazipitisha kwenye vipete. Tukakwama: nani atazivuta nyuzi huko juu? Mume wangu akasema mota ndogo zinatosha, kama zile zinazosukuma wipa za gari. Mhandisi akatoka nje bila kuaga. Tukasikia bisibisi. Akarudi na mota mbili na vidole vyeusi. Ni za gari lake mwenyewe! Fundo akamuuliza mvua ikinyesha je. Akasema ataendesha huku akiamini.

Hakuna aliyejua wazo lipi lilikuwa la nani mwishoni. Mkono wa huyu ulimalizia wa yule. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini la moyo lilikuwa langu.


Ijumaa, 8 Agosti

NAMBA NANE! Tiara imechora namba nane! Kubwa, nene, kama ya mwalimu ubaoni! Kamba ililia kama zeze, winchi ikanguruma, taa zikawaka nyeupe mpaka Fundo akakinga macho kwa makusudi, kwa maringo. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye winchi miguu mbali mbali, mabega yale, shingo ile. Nikasahau kazi yangu. Mhandisi akaniita mara tatu.

Kesho tu. Tukivuka kesho, meli itaondoka bila yeye.

Mhandisi akagawa kazi. Yeye kwenye usukani wa kuziamuru mota kutoka chini. Mume wangu winchi. Fundo kwenye kamba, katikati ya uwanda. Wifi mlingotini. Mimi? Chai! Nitawapelekea wageni chai na kutazama taa, zikififia niinue mkono. Mvumbuzi wa moyo, sinia mkononi! Nimelipokea kwa unyenyekevu. Kwa nje.

Fundo akatukusanya kutueleza kuhusu redio. Alisema mambo mengi kuhusu kitufe. Alirudia rudia kwamba redio ni mdomo mmoja, akishika mmoja wengine, sijui wengine nini, kwa sababu wakati huo mume wangu alikuwa anajifuta jasho kwa ukingo wa fulana, na binadamu ana macho na masikio lakini hapewi kuvitumia vyote pamoja.

Nimepata wazo. La mwisho, na safari hii halina madhara kabisa. Kuna redio ya akiba kwenye kabati. Kesho ni siku ngumu kwa mume wangu. Atakuwa na sauti ya wifi tu sikioni, kavu, legeza, kaza, kama mkuu wa jela. Anahitaji kunisikia. Sitasema kitu, nisimchanganye. Nitafunga kitufe cha redio kwa mpira wa nywele, nitaitia ndani ya blauzi, kifuani, upande wa kushoto. Asikie moyo wangu unavyopiga! Tu, tu, tu. Mikono yangu itakuwa huru kwa sinia.

Ni jambo dogo sana. Karibu si jambo.


Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nimekaa juu ya gunia.

Wageni walifika kabla ya saa sita, watatu, viatu vinavyong'aa, nyuso za watu waliokwisha kuona mengi yakishindwa. Upepo mzuri. Tiara ikapaa. Namba nane, namba nane, namba nane. Taa nyeupe. Mgeni mmoja akatazama saa yake, akatazama taa, akatazama saa. Mhandisi kwenye usukani, jasho linamtiririka shingoni, hajipangusi.

Nikamimina chai. Nikageukia ukuta. Nikafunga mpira wa nywele. Nikaitumbukiza redio kifuani. Mume wangu kule kwenye winchi akashtuka kidogo, akagusa sikio. Alinisikia! Nikajisemea, sasa tuko pamoja.

Nikawapelekea wageni sukari. Mmoja akauliza yule kijana wa winchi ni nani. Nikasema ni mume wangu, na mabega hayo hayakununuliwa, ni ya kuzaliwa nayo.

Ndipo nilipoona mstari wa vumbi kutoka magharibi. Mrefu, mwekundu, unakuja unakimbia. Dhoruba ndogo. Nikamtazama wifi. Wifi alikuwa amesimama, redio mdomoni, anasema. Anapiga kelele. Anaitikisa redio. Anapiga kelele tena. Mume wangu hasogei! Kamba imekaza kama msumari. Anatazama mlingotini, anagusa sikio, anatikisa kichwa. Wifi anafungua mdomo mpaka naona, kwa umbali ule, lakini hakuna sauti inayofika kwa yeyote.

Redio ni mdomo mmoja. Akishika mmoja, wengine ni mabubu.

Nilielewa hapo, na sinia mkononi, na wageni watatu wakinitazama wakingoja sukari. Nikaingiza mkono kifuani kutoa redio. Mpira wa nywele ulikuwa umejishika kwenye kifungo! Nikavuta. Nikavuta! Mgeni mmoja akatazama pembeni kwa heshima.

Vumbi likafika kwenye mlingoti. Wifi akatupa redio chini. Akavua mtandio kichwani, wa njano, akakimbia. Wifi, ambaye hukataa kukimbia hata mvua ikinyesha! Akapanda juu ya kichuguu, akainua mtandio kwa mikono miwili na kuushusha mpaka miguuni. Mara moja, mara mbili. Fundo katikati ya uwanda akamwona kabla ya mtu mwingine yeyote. Hakuuliza. Akageukia winchi, akafanya vilevile kwa mikono yake mifupi, akiruka ili aonekane. Na mume wangu akalegeza! Tiara ikapigwa, ikatetemeka, taa zikafifia, zikawa njano, zikawa nyekundu. Nikainua mkono. Nani angenitazama? Mhandisi alikuwa ameshaufunga mfuko wa kulia na kuacha wa kushoto wazi, tiara ikateleza pembeni ya dhoruba kama mtu anayempisha mlevi njiani. Wifi akashusha mtandio mara moja. Fundo akashusha mikono. Mume wangu akakaza.

Nyekundu. Njano. Nyeupe.

Hazikuzimika! Hazikuzimika!

Mgeni mkubwa akaweka kikombe chini. Akauliza ile ishara ya mtandio ni ya nini. Mhandisi, bila hata kumeza mate, akasema ni utaratibu wa redio zikifa, na kwamba hupenda kuujaribu mbele ya wageni. Wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Halafu Mhandisi akanitazama. Kwa sababu, dhoruba ilipopita na mngurumo kupungua, kipaza sauti kidogo kilichofungwa kwenye winchi kilisikika uani kote: tu, tu, tu, tu, tu. Haraka haraka. Na juu yake sauti ya mwanamke ikinong'ona Mungu wangu, Mungu wangu, kifungo hiki.

Fundo alianguka chini kwa kucheka. Mume wangu aliweka mkono usoni. Lakini niliona. Mabega yalikuwa yanatikisika!

Alasiri ikafika, taa zinawaka. Wageni wamekubali! Wanataka tiara kubwa zaidi kwa zahanati iliyo nyuma ya vilima, ambako watoto wanazaliwa kwa mwanga wa tochi. Karakana haifungwi. Jioni mume wangu akampigia nahodha, mbele yangu, akamwambia aende salama.

Nililia mpaka fulana yake ikalowa. Hakuna meli! Hakuna miezi tisa! Asante upepo, asante mtandio, asante hata wifi. Kidogo.


Jumapili, 10 Agosti

Mhandisi amekuja nyumbani. Amekuja na gari lisilo na wipa, na mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo alichelewa, na aliposhuka alikuwa bado anaamini.

Akakaa. Akasema wageni waliuliza ni nani aliyebuni mifuko ile. Yeye aliwajibu kwamba ni kazi ya wote, kama kawaida yake. Lakini wifi alikuwa karibu, na wifi alisema hapana, mifuko ni ya mshonaji, na haki ya mtu apewe mtu.

Nikamgeukia wifi. Anamenya chungwa. Nikashindwa nimkumbatie au nimwogope.

Basi, akasema Mhandisi, wageni wanataka mvumbuzi mwenyewe aende huko nyuma ya vilima, ashone tiara kubwa palepale na kuwafundisha watu wa huko. Msimu mzima. Na msoma upepo aende naye. Chumba kimoja kimepatikana. Mume wangu atabaki hapa, kuna winchi mpya ya kujenga. Kule watamfundisha kijana wao.

Msimu mzima! Nimehangaika wiki nzima asiende, na sasa naenda mimi! Na wifi! Chumba kimoja, bila hata ule ukuta!

Mume wangu alijivuna mpaka machozi yakamtoka. Anasema hajawahi kuona mke kama mimi, ataniandikia kila siku, ataniletea picha za winchi. Nimemwambia nimefurahi. Nimefurahi! Naandika nimefurahi.

Wifi ameingia wakati nafunga sanduku. Ameniletea petali, amezifunga kwenye karatasi safi, alizitoa kwenye mfuko kabla tiara haijakunjwa. Akasema ana ombi moja tu: huko tuendako, nisishone kitu chochote kwenye tiara bila kumwambia kwanza. Nikamwahidi. Akasema niape. Nikaapa. Akanibusu shavuni, akasema, "Haya wifi yangu, ulale." Kwa kweli ana moyo mzuri akitaka.

Na somo nimelipata, nakiri hapa kwa kalamu yangu. Redio si chombo cha mapenzi. Redio inasema ovyo. Kitambaa hunyamaza.

Nimetazama chini ya sanduku. Utepe umebaki kipande, ukubwa wa kiganja. Tiara ya huko itakuwa na mabawa mapana zaidi, viraka vingi zaidi. Na ikianza kuinama kidogo tu, kulia safari hii, ili wifi asishuku, yule kijana wao ataiweza wapi? Watahitaji fundi wa winchi aliyekwisha kuizoea tabia hiyo. Na duniani yuko mmoja tu, ana mabega yale, na kwa sasa anakoroma hapa pembeni yangu kwa mpangilio.

Niliapa sitashona. Sikuapa kwamba sitabandika kwa gundi.